Kipya au kilichotumika? Kwanza tazama gharama imelala wapi

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na aliyewahi kubandua nailoni kwenye kioo cha simu mpya anaujua utamu huo. Sina ugomvi na utamu wenyewe. Ninachogombana nacho ni kanuni ambayo wengi tumeibeba bila kuipima: mwenye uwezo hununua kipya, asiye nao hununua kilichotumika. Ipo pia kanuni ya upande wa pili, ya watu wanaojali mazingira, kwamba kilichotumika ni bora siku zote. Zote mbili zinaweza kukupotezea fedha, na hiyo ya pili inaweza hata kuyaumiza mazingira uliyokusudia kuyaokoa.

Mimi hutumia swali moja tu. Kila kitu kina gharama za aina mbili. Zipo zilizokwisha kutokea kabla hujakishika: madini yaliyochimbwa, maji yaliyomwagwa shambani, umeme uliowaka kiwandani, na kwa upande wa mfuko, thamani inayoyeyuka siku boksi linapofunguliwa. Zipo na zile zitakazotokea kikiwa mikononi mwako: umeme, mafuta, spea, fundi. Kitu ambacho gharama yake kubwa imelala nyuma, kinunue kilichotumika bila wasiwasi mwingi. Kitu ambacho gharama yake kubwa iko mbele, shika kalamu upige hesabu. Halafu kuna kundi dogo la vitu vinavyolinda uhai, ambalo nimeliweka mwisho kwa sababu hesabu hizi haziligusi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuanze na vile ambavyo uundaji wake ndio mzigo mkubwa.

Nguo

Fulana moja ya pamba hukadiriwa kutumia takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani hadi inapokamilika. Maji hayo mtu mmoja angeyanywa kwa zaidi ya miaka miwili. Suruali moja ya jinzi hukadiriwa kufikia lita 7,500. Makadirio haya hupanda na kushuka kutegemea shamba liko wapi na linamwagiliwaje, lakini matokeo yake yanaonekana kwa macho. Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani. Tangu miaka ya 1960 mito inayoilisha, Amu Darya na Syr Darya, iligeuziwa mashambani, hasa kwenye pamba, na sehemu kubwa ya ziwa hilo sasa ni jangwa la chumvi. Polista haina kiu ya namna hiyo, lakini ni plastiki inayotokana na mafuta ya petroli, na kila ikifuliwa huachia nyuzi ndogo ndogo zinazoishia mitoni na baharini.

Shati lililotumika halidai tone jipya la maji isipokuwa la kulifulia. Upande wa fedha ni vivyo hivyo: nguo hupoteza karibu thamani yake yote ya kuuzika mara tu inapovaliwa, ingawa kitambaa chenyewe kinaweza kuwa na miaka kumi mbele yake. Hasara hiyo ameshaibeba mwenzako. Kwa hiyo kwa bei ya koti jipya la kitambaa hafifu unaweza kupata koti lililotumika la sufu nzito, lenye mishono miwili na bitana nzima. Ukitaka kulinganisha kwa haki, usitazame bei peke yake. Igawe bei kwa idadi ya mara unazotarajia kulivaa. Koti la bei mara mbili litakalovaliwa mara 200 ni nafuu kuliko lile litakalofumuka baada ya mara 40.

Ukaguzi wa nguo ni wa dakika mbili. Inua kitambaa kielekee kwenye mwanga uone palipokonda, hasa makalioni, viwikoni na magotini. Vuta mishono ya makwapa. Funga na kufungua zipu mara tatu. Nusa. Doa la jasho lililokwisha kuwa la manjano halitoki kirahisi, usijidanganye. Nguo za ndani ninanunua mpya, na viatu vya kukimbilia pia, kwa sababu sponji ya soli hushindiliwa na uzito wa mvaaji wa kwanza na hairudi, hata kiatu kikiwa safi kama kipya.

Kuna mtego mmoja hapa ambao ni mkubwa kuliko mitego yote ya ubora. Nguo iliyotumika huokoa mazingira pale tu inapochukua nafasi ya nguo mpya ambayo ungeinunua. Ukinunua mashati sita yaliyotumika kwa sababu ni rahisi, na ulihitaji moja, hujaokoa chochote: umetumia fedha ambazo hukupanga kuzitumia, na matano yatalala kabatini mpaka siku utakapoyatupa. Usijifariji kwamba ukiyatupa yatageuzwa kuwa nguo nyingine. Nyuzi za nguo kuukuu zinazorudi kuwa nguo mpya duniani hazifiki asilimia 1. Vitambaa vilivyochanganywa pamba na polista ni vigumu kutenganisha, na nguo nyingi tunazovaa ni za mchanganyiko huo.

Kwa hiyo pendekezo langu la nguo ni kilichotumika, lakini uende na orodha. Ukikosa ulichokifuata, rudi mikono mitupu.

Simu na kompyuta

Hapa ndipo swali la gharama kulala nyuma linapojibiwa waziwazi kuliko popote. Ukichukua hewa ukaa yote inayosababishwa na simu ya kisasa katika maisha yake, takriban asilimia 80 imeshatolewa kabla mnunuzi wa kwanza hajaiwasha. Umeme wa kuichaji ni kitu kidogo sana. Kompyuta ya mpakato nayo iko hivyo, ingawa si kwa kiwango kilekile. Mzigo uko kwenye uchimbaji wa madini na utengenezaji wa chipu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, madini yanayotumika kwenye betri nyingi, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu yake hutolewa ardhini kwa mikono na watu wasio na kinga yoyote. Upande wa pili wa safari, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu.

Kwa hesabu hiyo, jambo bora kabisa ni kuendelea na simu uliyonayo. La pili ni kununua iliyotumika. Mpya ni ya mwisho. Lakini simu si shati. Huwezi kuiona roho yake kwa kuiinua kwenye mwanga, kwa hiyo uchaguzi halisi ni wa njia tatu: mpya ya dukani, iliyokarabatiwa na kuuzwa na wauzaji wenye waranti, au ya mkononi kwa mtu.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alieleza kwa nini soko la vitu vilivyotumika hupenda kuharibika. Muuzaji anaujua ubovu wa kitu chake, mnunuzi haujui. Kwa kutojua, mnunuzi hutoa bei ya katikati. Bei hiyo humkatisha tamaa mwenye kitu kizuri, naye anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye vibovu. Mfano wake ulikuwa magari, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, lakini mtu yeyote aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia anaielewa bila kusoma uchumi.

Ndiyo sababu simu iliyokarabatiwa huuzwa ghali kuliko ya mkononi hata kama ni toleo lilelile. Tofauti ya bei hapo unainunulia taarifa: kuna aliyeifungua, akapima betri, akabadilisha kilichochakaa na akakubali kuirudisha ikizingua. Kama huna fundi unayemwamini na hujui kukagua mwenyewe, lipa tofauti hiyo. Kama unajua, ya mkononi itakuachia akiba kubwa zaidi.

Kukagua kwenyewe kunaanza na akaunti, kabla ya kioo. Niliwahi kununua simu nzuri mno, isiyo na mkwaruzo, nikafika nayo nyumbani ikaniuliza nenosiri la mtu nisiyemjua. Ilikuwa bado imefungwa na akaunti ya mmiliki wa kwanza, na muuzaji hakupatikana tena kwenye namba aliyonipa. Tangu hapo sitoi fedha mpaka simu ifutwe mbele yangu, iwake upya, na mimi nivuke hatua zote za kuiandaa hadi ukurasa wa kwanza. Kisha ninabonyeza *#06#, namba ya IMEI, utambulisho wa pekee wa kila simu, yenye tarakimu 15 inatokea, na ninailinganisha na iliyoandikwa kwenye boksi au kwenye kitako cha laini. Zikitofautiana, ninaondoka.

Betri isikutishe. Betri za simu hushuka hadi kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko ya chaji kati ya 500 na 1,000, kutegemea toleo, na kuibadilisha hugharimu sehemu ndogo ya bei ya simu. Betri iliyochoka ni hoja ya kupunguziwa bei, si sababu ya kukataa. Kinachotakiwa kukutisha ni maji. Simu nyingi zina kikaratasi kidogo ndani ya tundu la laini kinachogeuka chekundu kikilowa. Simu iliyoingia maji inaweza kufanya kazi miezi mitatu na kufa siku moja bila taarifa.

Kitu cha mwisho ni umri wa programu, na hapa wanunuzi wengi wa vilivyotumika huumia kimyakimya. Simu iliyoacha kupokea masasisho ya usalama bado inapiga na kupokea, lakini ukiiwekea huduma za benki unacheza na moto. Matoleo yanatofautiana sana. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8, iliyotoka 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa simu yake ya Galaxy S24 mwaka uliofuata. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 inawataka watengenezaji kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 tangu toleo linapoacha kuuzwa. Simu ya hadhi ya juu ya miaka miwili iliyopita, ikiwa na miaka mitano ya masasisho mbele, inaipiku simu mpya ya bei ya chini itakayotelekezwa baada ya miaka miwili, kwa fedha ileile. Kama ningelazimika kubakiza ushauri mmoja tu katika sehemu hii, ungekuwa huo.

Kompyuta zina nafasi nzuri zaidi kwa sasa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizo imara hazikubali Windows 11 kwa sababu ya masharti yake ya usalama wa ndani ya kifaa. Matokeo yake ofisi zimekuwa zikiziuza kwa bei ya chini. Ukiwekea mashine kama hiyo Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, kama bado ina ya kuzunguka, inaweza kukuhudumia kwa kuandika, masomo na intaneti kwa miaka mingi. Asiyetaka kujifunza mfumo mwingine atafute iliyotumika inayopokea Windows 11.

Friji na ndugu zake wa umeme

Hapa kanuni inageuka. Friji haizimwi. Inakula umeme usiku na mchana kwa miaka 10 au 15, kwa hiyo gharama yake kubwa iko mbele, na friji rahisi inaweza kuwa ndiyo ghali kuliko zote.

Nchini Marekani, friji ya wastani mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikula takriban yuniti 1,800 za umeme kwa mwaka. Za leo, ingawa nyingi zina nafasi kubwa zaidi, zinakula chini ya theluthi moja ya kiasi hicho. Maendeleo hayo yalikuja polepole, kiwango kimoja cha sheria baada ya kingine, kwa hiyo umri wa friji ni taarifa ya maana sana. Ya miaka minne haina tofauti kubwa na mpya. Ya miaka 20 ni mashine ya kizazi kingine.

Hesabu yake ni hii. Tuseme iliyotumika inakula yuniti 900 kwa mwaka na mpya inakula 300. Tofauti ni yuniti 600. Zidisha kwa bei unayolipia yuniti moja, kisha zidisha kwa miaka unayotarajia kukaa nayo. Ukipata fedha zinazozidi tofauti ya bei kati ya friji hizo mbili, mpya ndiyo nafuu. Ikiwa zimebaki chini, chukua iliyotumika. Watu wengi hawaifanyi hesabu hii kwa sababu bei ya friji wanailipa mara moja na wanaiona, ilhali umeme wanalipia kidogo kidogo.

Kwa mazingira kuna jambo la ziada, nalo ni gesi. Friji za zamani sana zilitumia R-12, gesi iliyokuwa ikitoboa tabaka la ozoni mpaka Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipoanza kuiondoa. Iliyofuata, R-134a, haigusi ozoni, lakini kilo moja yake ikivuja hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ukaa, na ndiyo maana nchi zilikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hiyo. Friji nyingi za sasa zina R-600a, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno ukilinganisha. Soma kibao kilicho nyuma karibu na kompresa, aina ya gesi imeandikwa hapo. Muuzaji akikuambia friji "iliongezewa gesi mwezi uliopita", amekuambia pia kwamba inavuja. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika.

Mpira wa mlango upime kwa karatasi: ifungie mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, baridi nayo inatoka hivyohivyo.

Balbu za zamani za waya wa kuwaka usizichukue hata za bure. Balbu ya LED hutumia takriban robo ya umeme wao au chini ya hapo. Feni, pasi na blenda sina maneno mengi nazo: kama waya ni mzima na mota haitoi harufu ya kuungua, kilichotumika kinatosha.

Gari

Gari liko katikati, na ndiyo maana watu hubishana sana. Thamani yake huporomoka mapema: mwaka wa kwanza peke yake mara nyingi huondoka na takriban sehemu ya tano ya bei. Mnunuzi wa pili, akilipata likiwa na miaka mitatu hadi mitano, anakuta sehemu kali ya mteremko huo imekwisha kulipiwa na mwingine huku injini ikiwa na maisha marefu. Hiyo ni gharama iliyolala nyuma. Lakini gari la mafuta hutoa sehemu kubwa ya hewa ukaa yake barabarani, si kiwandani, na mafuta hayo unayalipia wewe. Hiyo ni gharama ya mbele. Inayoshinda inategemea unatembea umbali gani.

Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Chukulia gari la zamani linalokula lita 12 kwa kilomita 100, na jipya linalokula lita 7.

| | Kilomita 15,000 kwa mwaka | Kilomita 5,000 kwa mwaka |
|---|---|---|
| Gari la zamani | lita 1,800 | lita 600 |
| Gari jipya | lita 1,050 | lita 350 |
| Petroli inayookolewa | lita 750 | lita 250 |
| Hewa ukaa inayookolewa | takriban tani 1.7 | takriban tani 0.6 |

Kulitengeneza gari jipya nako hutoa hewa ukaa, tani kadhaa. Tukichukua tani 7 kwa ajili ya hesabu, anayetembea kilomita 15,000 atalipa deni hilo la kiwanda kwa takriban miaka 4. Anayetembea kilomita 5,000 atahitaji miaka 12, na huenda gari lisidumu naye muda huo. Tena hesabu hii imempendelea mwenye gari jipya, kwa sababu lile la zamani akiliuza halitaacha kutembea. Linaendelea kutoa moshi kwa mwingine.

Jibu ninalolipenda halimo kwenye jedwali: gari lililotumika ambalo nalo linakula lita 7. Lina unafuu wa bei, halidai kiwanda kipya, na halikukamui kituoni. Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hukimbilia ukubwa, kwa kuwa kwa bei ya dogo jipya wanapata kubwa la zamani. Ndipo akiba yote inapoishia kwenye tangi.

Mita ya kilomita isikuongoze peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva. Gari lenye kilomita 40,000 haliwezi kuwa na pedali iliyosagika mpaka chuma. Liwashe likiwa limepoa, si baada ya muuzaji kulipasha moto asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Tairi zina tarakimu nne za tarehe ubavuni: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi iliyozeeka ni hatari hata kama meno yake bado marefu. Kisha mlipe fundi wako, si wa muuzaji, alikague kabla ya fedha kubadilisha mikono. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya gia boksi moja.

Gari la umeme lina mpangilio mwingine: betri yake hubeba mzigo mkubwa wa kiwandani, halafu uendeshaji wake ni mwepesi, hasa palipo na umeme wa maji, jua au upepo. Kwa hiyo lililotumika lina mvuto wa pekee, almradi hali ya betri ipimwe na karatasi ya vipimo uione. Watengenezaji wengi huipa betri waranti ya miaka 8 au kilomita 160,000. Uliza imebaki mingapi, na kama inamfuata mmiliki mpya.

Samani, zana, vitabu

Hapa sitakaa. Meza ya mbao ngumu iliyotumika ina faida karibu kila upande dhidi ya meza mpya ya chipbodi: inapigwa msasa, inapakwa vanishi, inakazwa upya, ilhali chipbodi ikishalowa na kuvimba haina fundi. Isitoshe, gundi za mbao za kubandika huachia formaldihaidi, gesi inayowasha macho na koo, na huachia nyingi zaidi zikiwa bado mpya. Nyundo, randa, jiliwa na sufuria za chuma cha kusubu hazizeeki. Kitabu kilichotumika kina maneno yaleyale, isipokuwa vya kiada vinavyobadilishiwa mtaala.

Magodoro na makochi ya kitambaa yana kunguni kama sababu ya kuyaogopa, na sababu hiyo inatosha. Kunguni mzima anaweza kuishi miezi kadhaa bila kula. Kama lazima ununue kochi, pitisha tochi kwenye kila mshono, upindue, utazame chini ya kitambaa cha kitako. Ukiona vidoa vyeusi kama ncha za kalamu, liache.

Vinavyolinda uhai

Helmeti hufanya kazi mara moja. Sponji yake ngumu ya ndani hupondeka ili kichwa kisipondeke, na ikishapondeka hairudi, huku ganda la nje likibaki linang'aa. Huwezi kuiona historia yake. Nunua mpya, hata kama ni ya bei ya chini, almradi ina alama ya kiwango cha usalama.

Kitanda cha mtoto kilichotumika kinaweza kufaa, lakini si chenye ubavu unaoshuka. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa na kufa. Vitanda na midoli ya zamani sana iliyopakwa rangi ina hatari ya madini ya risasi, sumu ambayo mtoto huila kwa kutafuna kingo tu. Marekani iliiondoa kwenye rangi za majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Nguo za mtoto, mkokoteni na beseni ni habari nyingine kabisa, hivyo vinunue vilivyotumika bila kusita, maana mtoto huvitumia miezi michache tu na huviacha karibu vipya.

Kiti cha mtoto cha kwenye gari ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote. Kina tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye plastiki, kina mikanda inayochoka, na kikishapitia ajali moja kinaweza kuwa na ufa usioonekana. Kipokee kutoka kwa ndugu au rafiki ambaye unaijua historia ya gari lake, vinginevyo nunua kipya. Na kama wewe ndiye mwenye kiti kilichopita kwenye ajali, usikiuze wala usikigawe. Kata mikanda yake kwa mkasi kabla ya kukitupa, asije mzazi mwingine akakiokota.